Sura ya Tano: Shamba Lililouzwa, Mwenyewe Akabaki Ndani

Mwenye shamba la mikarafuu Unguja au Pemba, katika miaka ya 1880, mara nyingi alikuwa tajiri asiye na fedha mkononi. Mikarafuu alikuwa nayo, pengine na nyumba ya mawe mjini, lakini mkarafuu hauna ahadi: mwaka huu huzaa hadi matawi yakainama, mwaka ujao mwenyewe akaambulia pishi chache tu. Matumizi nayo hayangoji msimu. Binti anataka kuozwa, mirathi ya marehemu igawiwe, chakula cha watumwa wanaochuma kinunuliwe kila wiki. Wala tusisahau kwamba utajiri huo wote ulisimama juu ya migongo ya watumwa hao hadi utumwa ulipofutwa visiwani mwaka 1897. Fedha taslimu ilikuwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Mji Mkongwe, Mabaniani na Makhoja, wenye ndugu na mawakala hadi Kutch na Bombay. Mwenye shamba aliwaendea wafanyabiashara hao.

Tatizo lilianzia hapo. Yeye ni Mwislamu na riba ni haramu kwake, kutoa na kupokea. Mwenye fedha, hasa akiwa Baniani, yaani Mhindu, dini yake haikumzuia, lakini siku ya kudai haki yake angeweza kujikuta mbele ya kadhi, na kadhi hatoi hukumu ya riba. Wakakutana kwenye karatasi. Katibu aliitwa, mashahidi wakakaa, ukaandikwa waraka kwa Kiarabu: fulani bin fulani amemuuzia fulani shamba lake lililoko mahali fulani, lenye mikarafuu kadha na minazi kadha, mipaka yake ni hii na hii, kwa thamani fulani iliyokwisha kulipwa, kwa bei ya khiyari hadi muda fulani. Khiyari hiyo ni ya muuzaji: akirudisha ile thamani kabla ya muda kwisha, shamba linarudi kwake. Kisha yakaandikwa makubaliano ya pili, kwamba mnunuzi amempangisha muuzaji shamba lile lile kwa kodi ya kila mwaka.

Tuseme thamani ilikuwa rupia 1,000 na kodi rupia 100. Mwenye shamba anaondoka na rupia 1,000, na hahami hata siku moja. Anaamka asubuhi kwenye baraza lile lile na kuchuma karafuu zile zile, ila sasa yeye ni mpangaji. Kila mwaka anapeleka rupia 100 mjini. Mwisho wa muda arudishe 1,000. Akishindwa, muda huongezwa, kodi huendelea, na mara nyingine huandikwa waraka mpya wenye thamani kubwa zaidi kwa sababu kodi za nyuma zimelimbikizwa ndani yake.

Je, hiyo si riba? Swali hili wameliuliza wanazuoni wa fiqhi muda mrefu kabla ya mwanauchumi yeyote, na hawakupata jibu moja. Mafakihi wa Kiibadhi wa Oman walijadili sana kama mnunuzi wa khiyari ana haki ya mavuno ikiwa nia yake tangu mwanzo ilikuwa mavuno, si kumiliki. Hadhramaut, nchi walikotoka masharifu na masheikh wengi wa pwani yetu, ilikuwa na mauzo ya namna hiyo hiyo yaliyoitwa uhda, na mafakihi wake wengi wa Kishafi waliyakubali kwa kuzingatia haja ya watu. Nyuma ya mjadala huo kuna tofauti ya zamani baina ya madhehebu. Imamu Shafi aliutazama mkataba kwa sura yake ya nje: nguzo zikitimia, mauzo yamesihi, na nia ni baina ya mtu na Mola wake. Wafuasi wa Malik na wa Ibn Hanbal waliziba mlango mapema, wakisema njia inayopeleka kwenye haramu nayo ni haramu. Mtu asiyeijua tofauti hii atasoma habari za benki za Kiislamu za leo asielewe kwa nini jambo lililoruhusiwa Kuala Lumpur lilipigwa marufuku kwingine.

Watafiti wa kisasa waliifikia bei ya khiyari kutoka pande mbalimbali. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mashamba ya watumwa ya pwani ya Afrika Mashariki, na Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, waliliona deni kama kamba iliyowafunga wenye mashamba kwa wenye mitaji. Fahad Ahmad Bishara, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu deni na sheria katika Bahari ya Hindi ya magharibi, alikaa na nyaraka zenyewe. Hoja yake naiona nzito: nyaraka hizo hazikuwa ujanja wa watu wanafiki. Zilikuwa lugha ya pamoja iliyowawezesha Mwarabu wa Kiibadhi, Mswahili wa Kishafi na Baniani wa Kutch kufanya biashara, kila mmoja akiwa na karatasi ambayo mwenzake na kadhi wangeitambua.

Yupo anayepinga mwelekeo huo. Timur Kuran, mwanauchumi aliyezaliwa Marekani na kukulia Uturuki, alidai katika kitabu chake cha 2004 kuhusu Uislamu na mali kwamba katazo la riba lilizungukwa karne zote, na kwamba uchumi wa Kiislamu wa zama hizi umejengwa zaidi kwa ajili ya kulinda utambulisho wa Waislamu kuliko kutatua matatizo ya kiuchumi. Ukiusoma waraka wa khiyari kwa macho yake, utaona rupia 1,000 iliyotoka na asilimia 10 inayorudi kila mwaka, basi.

Mimi naona Bishara na Kuran wote wawili wameacha nje jambo lenye uzito kuliko yote. Tusiulize tu kama waraka ni halali au ni hila. Tuulize: karafuu zikikosa kuzaa, nani anapata hasara? Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi kupita kiasi. Mpangaji wa khiyari shambani mwake mwenyewe, mti umelala chini, bado alidaiwa kodi. Mwenye fedha hakumiliki miti iliyoanguka kwa maana yoyote iliyomuuma. Jina lake lilikuwa kwenye waraka, lakini kimbunga hakikugusa fedha yake, maana rupia 1,000 zilikuwa palepale zikimngoja mwenye shamba azirudishe. Umiliki wake ulikuwa na haki ya kodi bila mzigo wa kumiliki. Huko, kwa maoni yangu, ndiko bei ya khiyari ilikoiacha roho ya biashara ambayo aya ya 275 ya Sura ya al-Baqara inaitenga na riba.

Yaliyofuata yanajulikana. Bei ya karafuu ilipoporomoka baina ya vita viwili vya dunia, deni la wenye mashamba likawa shauri la serikali. Amri za mwaka 1934 zilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila idhini, na madai ya madeni yakasimamishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga, India ikasusia karafuu za Zanzibar mwaka 1937, na mapatano yakaja mwaka 1938. Mafundi wa sheria walibishana kuhusu rehani na mauzo. Aliyeumia ni yule aliyebeba hasara ya kila msimu mbaya kwa miaka mingi.

Sasa twende kaunta ya benki. Historia ya benki za Kiislamu za kisasa huanza mara nyingi na mji mdogo wa Mit Ghamr katika delta ya Mto Nile, ambako mwaka 1963 Ahmed el-Naggar, aliyesoma Ujerumani na kuzipenda benki za akiba za huko, alifungua benki ya akiba ya wakulima isiyotoza wala kutoa riba. Mwaka huo huo Malaysia ilianza mfuko wa akiba ya mahujaji. Dubai Islamic Bank ikafuata mwaka 1975. Kwetu zilichelewa: Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka 2008, na Amana Bank ikafungua milango Dar es Salaam mwishoni mwa 2011. Madirisha ya Kiislamu ndani ya benki za kawaida yamekuwa mengi tangu hapo.

Tumtazame mteja anayetaka mashine ya kusaga nafaka. Hapewi fedha. Anakwenda kwa muuza mashine na kurudi na ankara kifani inayoonyesha bei, tuseme milioni 10. Anasaini ahadi kwamba benki ikiinunua mashine, yeye ataichukua. Benki inanunua, mara nyingi kwa kumteua mteja mwenyewe awe wakala wake wa kwenda kuipokea. Kisha inamuuzia kwa milioni 13, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Hiyo ndiyo murabaha. Baina ya karatasi ya kununua na karatasi ya kuuza, mashine ni mali ya benki. Muda huo unaweza kuwa siku tatu, unaweza kuwa saa moja. Ikiteketea dukani katika muda huo, hasara ni ya benki. Ikiteketea siku ya pili baada ya kuuzwa, mteja anadaiwa milioni 13 zake zote.

Siwalaumu wanaochukua murabaha, na sisemi ni haramu. Wanazuoni wengi wanaikubali, na tofauti yake na riba ni ya kweli. Bei ikishakubaliwa haipandi hata mteja akichelewa mwaka mzima, na faini ya kuchelewa, panapokuwa nayo, kwa kawaida hupelekwa kwenye sadaka. Kwa mtu aliyewahi kuona mkopo wa kawaida ukivimba kwa limbikizo la riba, hilo si jambo dogo. Lakini kipimo cha kimbunga kinaonyesha kwamba muda wa benki kubeba hasara umefupishwa hadi karibu na sifuri, na ziko bidhaa zilizoufupisha zaidi. Katika tawarruki iliyopangwa, benki hununua madini, mara nyingi kwenye soko la metali la London, ikamuuzia mteja kwa mkopo, na papo hapo ikamuuzia mtu wa tatu kwa niaba ya mteja, mteja akapata fedha taslimu. Hajaona shaba wala hajui ghala liko wapi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu liliikataa tawarruki ya namna hiyo mwaka 2009, na baadhi ya benki zinaitumia hadi leo.

Waanzilishi hawakuota hivyo. Waandishi wa kwanza wa uchumi wa Kiislamu walifikiria benki inayoshirikiana na wafanyabiashara kwa mudharaba na musharaka: faida tunagawana, hasara tunabeba kwa mujibu wa mtaji. Beng Soon Chong na Ming-Hua Liu walipochunguza benki za Kiislamu za Malaysia, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, walikuta sehemu ndogo mno ya fedha zilizotolewa ikiwa kwenye ushirika wa kweli, na faida waliyopewa wenye akiba ikifuata kwa karibu riba ya benki za kawaida. Ikipanda huku, inapanda kule.

Na waumini wenyewe? Utafiti umekuwa mkali zaidi miaka ya karibuni kwa sababu umeacha kuuliza watu wanaamini nini na kuanza kutazama wanafanya nini. Asli Demirgüç-Kunt, Leora Klapper na Douglas Randall wa Benki ya Dunia walichambua majibu ya watu wazima kama 65,000 katika nchi 64. Waislamu walikuwa na uwezekano mdogo kuliko wengine wa kuwa na akaunti au kuweka akiba benki, lakini hawakuonekana kukopa kidogo kuliko wengine. Kwa anayeishi kwetu hilo halishangazi. Katazo halikuondoa haja ya fedha, liliihamisha. Mama wa Tanga au Malindi asiyetaka benki anacheza upatu na wenzake, anamkopa shangazi, au anachukua bidhaa kwa mali kauli na kulipa akishauza. Ni fedha nyingi zinazozunguka, na hazionekani kwenye takwimu za benki kuu.

Utafiti wa Dean Karlan, Adam Osman na Nour Shammout ulifanyika Yordani kwa njia ya majaribio. Walitoa ofa za mikopo kwa bahati nasibu, nyingine za kawaida, nyingine za kufuata sharia. Waliopewa ofa ya kisharia waliomba kwa asilimia 22, wengine kwa asilimia 18. Tofauti hiyo, kwa hesabu yao, ni sawa na kupunguza bei ya mkopo kwa asilimia 10. Yaani muumini yuko tayari kulipa zaidi ili awe na amani ya moyo.

Kisha upo utafiti wa Pakistan wa Lieven Baele, Moazzam Farooq na Steven Ongena, uliochapishwa mwaka 2014. Walifuatilia mikopo zaidi ya 150,000 kati ya Aprili 2006 na Desemba 2008, ya kawaida na ya Kiislamu, na baadhi ya wakopaji walikuwa na aina zote mbili. Mikopo ya Kiislamu ilishindwa kulipwa kwa kiwango kisichofika nusu ya ile ya kawaida. Katika mwezi wa Ramadhani wenye mikopo ya Kiislamu walizidi kulipa. Mtu ambaye angeweza kuiacha benki ya riba ikamtafuta, aliona haya kumwacha mdai wa halali.

Nimezisoma tafiti hizi mbili, wa Yordani na wa Pakistan, nikiziweka bega kwa bega, na zinanikera kwa pamoja kuliko kila moja peke yake. Mteja wa mkopo wa Kiislamu yuko tayari kulipa zaidi na anakwepa deni mara chache zaidi. Kwa hesabu yoyote ya benki, mkopaji anayelipa vizuri ana hatari ndogo, na mwenye hatari ndogo anastahili bei nafuu. Uaminifu wake umekuwa mtaji. Lakini ikiwa bei ya murabaha yake imepangwa kwa kufuata riba ya soko, basi mtaji huo umeingia mfukoni mwa mwenye kalamu, yaani benki. Ucha Mungu wa mkopaji usigeuzwe chanzo cha faida kwa anayemkopesha. Ningependa kuona mtafiti wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar akilipima hilo kwa takwimu zetu: murabaha ya shilingi ileile, muda uleule, imegharimu kiasi gani zaidi kuliko mkopo wa kawaida, na imelipwa vipi.

Benki zinayo hoja yao, na si ya kupuuzwa. Musharaka inataka mshirika aoneshe hesabu. Mfanyabiashara mwenye daftari mbili, moja ya mamlaka ya kodi na moja ya kweli, ataweka ya tatu kwa ajili ya benki. Akipata faida atasema kidogo. Akipata hasara atasema yote. Wenye akiba nao wanataka fedha yao irudi salama, hawataki kusikia kwamba duka la mtu wasiyemjua limefilisika. Kwa hiyo benki inakimbilia kwenye bei iliyokatwa mapema.

Hata hivyo, ushirika wa kweli upo pwani na haujawahi kufa. Tazama mashua ya uvuvi inaporudi. Kwanza yanatolewa mafuta ya injini na barafu. Kinachobaki kinakatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia, kwa kanuni inayotofautiana bandari na bandari lakini inayojulikana na kila mtu wa bandari hiyo. Usiku ukiwa mtupu, mwenye chombo hapati kodi na baharia hapati ujira. Mabaharia wa majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba nao walilipwa kwa mafungu kwa vizazi vingi. Kinachouwezesha ushirika huo ni kwamba samaki wanashushwa mchangani mbele ya macho ya wote na kunadiwa kwa sauti. Baharia hana haja ya kumwamini mwenye chombo kuhusu bei, ameisikia.

Benki haikuwahi kusimama kwenye mnada wa muuza duka. Sasa inaweza. Duka linalopokea malipo kwa simu, M-Pesa au nyingine, linaacha kumbukumbu ya kila mauzo, saa na kiasi. Si mauzo yote, maana noti bado zinapita mkononi, lakini yanatosha kumwonyesha mshirika mwenendo wa biashara wiki kwa wiki. Sababu kuu ya kuikimbia musharaka inapungua nguvu kila mwaka, na bodi za sharia zina haki ya kuzikumbusha benki jambo hilo badala ya kuidhinisha murabaha nyingine yenye jina jipya.

Wakati hilo likisubiriwa, upo mkataba mmoja ambao mteja wa kawaida anaweza kuupima mwenyewe: musharaka yenye kupungua, inayotumika sana kwa nyumba. Benki na mteja wananunua nyumba pamoja, tuseme benki asilimia 80 na mteja 20. Mteja anaishi humo, analipa kodi kwa fungu la benki, na analinunua fungu hilo taratibu hadi nyumba yote iwe yake. Kwa jina ni ushirika. Fungua kurasa za katikati na usome vifungu vitatu. Paa likivuja, nani anatengeneza? Takafuli ya jengo, yaani bima ya Kiislamu, analipa nani, na nyumba ikibomoka fidia inagawiwa kwa mafungu gani? Na mteja akishindwa kulipa mwaka wa tatu, nyumba ikauzwa kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa, upungufu unakatwa kwa nani? Ikiwa majibu yote matatu ni "mteja", benki haimiliki asilimia 80 ya chochote. Ikiwa hasara inagawiwa kama umiliki wa siku hiyo unavyosema, mteja huyo amepata kile ambacho mwenye shamba la Unguja hakukipata mwaka 1872.